Gemu la Marehemu Baba

Gemu letu halikuwa na jina. Lilikuwa na mahali pa jina, pembeni ya kifuniko, lakini mtu fulani alikuwa amelikwangua kwa kisu kabla halijafika kwetu. Baba alidhani ni kwa ajili ya kuficha kwamba lilikuwa nakala, si lile la asili la Wajapani. Lilikuwa la kijivu, ukubwa wake kama misale, kile kitabu cha misa cha altareni, likiwa na vitufe viwili vyekundu juu na tundu la kuchomekea kaseti. Nyaya za pedi zake zilikuwa fupi mno, hivyo wachezaji wawili walilazimika kukaa sakafuni mbele ya televisheni, mabega yakigusana.

Kaseti ilikuwa moja. Karatasi yake ilidai ina michezo mia tisa tisini na tisa. Mimi na baba tuliipitia yote na kuthibitisha kwamba michezo tofauti haikuzidi kumi na minne. Iliyobaki ilikuwa ileile, iliyoanzishwa katikati au kuongezewa kasi.

"Wametudanganya," nilisema.

"Hapana," alisema baba. "Wamehesabu kama tulivyokuwa tunahesabu kwenye ripoti za kiwandani."

Baba, Andrea, alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha umma hapa Morogoro mjini. Mwaka 1994 kiwanda kilikuwa kinasubiri mnunuzi, na yeye alikuwa katika kundi la kwanza la waliopunguzwa. Hakulalamika kwa sauti. Alitafuta meza, akaiweka karibu na soko, akaanza kutengeneza redio. Bidhaa za nje zilizokifunga kiwanda ndizo zilizompa kazi mpya: redio kaseti, pasi na feni zilishuka kutoka Dar es Salaam kila wiki, na nyingi ziliharibika upesi. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Salum ndiye aliyempa gemu, likiwa limekufa, kama chuma chakavu. Baba alibadilisha kipande kimoja cha ndani, akaliunganisha na televisheni yetu ndogo isiyo na rangi, na mlio wake wa kwanza ukatoka: noti tatu fupi zinazopanda. Hata leo nikizisikia popote, nageuka.

Tulikuwa watu wanne nyumbani: baba, mama yangu Catherine, mimi, na Eustace, mtoto wa shangazi Agnes, aliyetoka Matombo kuja kusoma sekondari mjini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi na sita. Mchezo wetu ulikuwa wa vifaru vya vita. Wachezaji wawili hulinda ngome ya matofali, na maadui huteremka kutoka juu ya kioo. Eustace alicheza kama mtu anayefukuza nyani shambani: mbio, kelele, bila kuangalia nyuma.

"Lucy, njoo huku, nimezingirwa!"

"Nani alikutuma uende huko?"

"Aisee, umenipiga mimi! Mjomba, Lucy ananipiga mimi!"

Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua mapajani. "Usipojua kifaru chako ni kipi, Eustace, utapigwa na kila mtu."

Alitukataza kupuliza kaseti kwa mdomo kama watoto wote walivyofanya. Mate ni maji, alisema, na maji na shaba havipatani. Kaseti ilisafishwa kwa kitambaa kikavu. Katazo la pili lilihusu umeme. Wakati wa mgao tulitumia betri ya gari. Televisheni iliungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa waya wake wenyewe, na haikupata neno. Gemu halikuweza. Baba alilitengenezea kikasha cha bati, upande mmoja kina vibanio viwili vya betri, upande mwingine plagi ndogo ya duara. Kikasha kilipunguza nguvu ya betri. Lakini hilo, alinieleza, lilikuwa jambo dogo.

"Nguvu ikizidi kidogo litavumilia kwa muda. Shida ni plagi. Redio zote unazoziona hapa mezani, pini ya katikati ni chanya, nje ni hasi. Hili limegeuzwa. Katikati hasi, nje chanya. Ukilichomekea plagi ya redio hata mara moja, umeliua."

"Kwa nini walitengeneza hivyo?"

"Waulize wao. Wewe kumbuka tu."

Nilikumbuka.

Baba alifariki mwezi Februari 1996 kwa homa ya uti wa mgongo. Aliugua siku chache, na hospitali haikuwa na kosa. Alifikishwa akiwa amechelewa. Tulimzika Matombo, karibu na misheni, kwenye makaburi ya ukoo wake.

Hapa inanipasa kueleza utaratibu wa Waluguru, kwa kuwa bila huo yaliyofuata yanaweza kuonekana kama ukatili wa watu fulani, na hayakuwa hivyo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Baba alikuwa wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akifa, mali yake hairithiwi na wanawe, maana wao ni watu wa ukoo mwingine. Inarudi kwa watoto wa dada zake. Mmoja wao huchaguliwa kurithi pia jina. Siku ya kumaliza matanga huketishwa kwenye mkeka, huvishwa nguo ya marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu: huitwa kwa jina lake, na watoto wa marehemu humwita baba.

Aliyechaguliwa alikuwa Eustace.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri, na sababu yake ilikuwa moja. Nguo za baba sikuzitaka, wala baiskeli. Nyumba ya kupanga tungeiacha hata hivyo. Mama alikuwa amekwisha kuamua kurudi Mgeta kwao kulima mboga. Nilitaka gemu pamoja na kikasha chake. Asubuhi nilimwambia mama. Mama alinishika mkono, akanipeleka hadi kwa mjomba Stefano, kaka yake mkubwa, aliyeketi nyuma ya jiko akinyoa ndevu bila kioo. Mjomba ndiye msemaji wetu. Mama wala mimi hatukuwa na nafasi ya kusema mbele ya ukoo wa baba. Neno letu lingepita mdomoni mwake au lisingepita kabisa.

"Kaka," mama alisema, "waombe waache kitu kimoja. Kile kimashine cha mchezo. Ni cha mtoto."

"Nani alikileta nyumbani?"

"Baba yake."

"Basi si cha mtoto."

"Alimtengenezea yeye."

Mjomba alipangusa wembe kwenye goti. Alikuwa mtu mpole, na aliongea polepole kama anayepanga mawe ya ukuta. "Catherine, shamba unalokwenda kulima kule Mgeta ni la nani?"

"La mama yetu."

"Nani analishika sasa?"

"Wewe."

"Nina watoto wangapi wa kiume?"

"Watano."

"Watano, na wote wana majembe. Kila mvua ikianza wananiambia, baba, tugawie lile la bondeni, na mimi nawajibu nini? Nawajibu kwamba mali ya baba haiendi kwa mwana. Ni ya dada yangu na wanawe. Sasa leo unataka nisimame mbele ya watu wazima wa Matombo niseme mali ya Andrea iende kwa mwanawe?" Akanigeukia mimi. "Mama, nikikuombea hicho kimashine, nimewapa wanangu shamba lako. Habari zitafika Mgeta kabla yangu. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilitafuta kasoro katika maneno yake na sikuiona, na sijaiona mpaka leo. Shamba lile ndilo lililonisomesha.

"Basi waambie kitu kimoja tu," nilisema. "Waambie kikasha na gemu visitenganishwe."

"Hilo nalo ni kuwafundisha kugawa," alisema mjomba, na akaendelea kunyoa.

Mali iligawiwa uani, baada ya misa. Mzee wa ukoo aliigawa kwa aina, kama inavyogawiwa siku zote. Nguo zilikaa na nguo, vyombo vya nyumbani na vyombo vya nyumbani, vifaa vya kazi na vifaa vya kazi. Eustace, aliyevalia koti la baba lenye mikono iliyomfunika vidole, alipewa vitu vya nyumba: baiskeli, kiti cha uvivu, televisheni na gemu. Vifaa vya kazi vilikwenda kwa Mikidadi, mtoto wa shangazi mdogo Shamsia, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji betri na kuuza sigara pale Dumila. Mzee aliingiza mkono kwenye sanduku, akatoa bisibisi, koleo, pasi ya kuchomea risasi. Kisha akatoa kikasha cha bati. Akakiangalia. Kilikuwa na nyaya na vibanio.

"Cha kazi," alisema, na kukitupia kwenye rundo la Mikidadi.

Nilimtazama Eustace. Alikuwa amekiona pia. Alikijua kikasha kile. Mara nyingi tu alikuwa amekibana kwenye betri kwa mikono yake. Alifungua mdomo, kisha shangazi Agnes, mama yake, akamwekea kofia ya baba kichwani na wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye tulipangwa tumsalimie. Mama alitangulia, nami nikafuata.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba," alisema Eustace. Sauti yake ilikuwa bado inavunjika.

Tulihamia Mgeta. Tulilima kabichi na karoti kwenye matuta, na Jumatano usiku lori la mboga lilichukua mizigo kuipeleka mjini. Umeme haukuwepo. Niliota vifaru mara kadhaa, na katika ndoto hizo sikuwa nacheza. Nilikuwa nasikiliza tu mlio wa kuanza. Habari za Matombo zilitufikia kwa watu. Eustace ameacha shule. Eustace ameacha kuitwa Eustace hata na rafiki zake. Na habari ya tatu, ambayo mama aliicheka kwa muda mrefu: watu wanampelekea redio mbovu. Kwa kuwa Andrea alikuwa fundi, na yeye ndiye Andrea, hapakuwa na haja ya kuuliza kama anajua ufundi.

Mwezi Januari 1997 tuliitwa Matombo kwa misa ya kumbukumbu ya mwaka. Aliyeleta wito alisema pia kwamba siku hiyo wageni wangeonyeshwa gemu la marehemu, maana mwenye duka mmoja, Abdulatif, alikubali kuazima betri yake ya gari. Hapo nilimwomba mama jambo moja, na mama alilifanya: alimtuma dereva wa lori la mboga, aliyeendelea toka mjini hadi Dumila kila wiki, amwambie Mikidadi aje na kikasha. Jibu lilirudi kwamba atakuja nacho bila kukosa.

Mikidadi hakuja. Siku ya misa niliwasubiri watu wote walioshuka kwenye lori la abiria pale misheni. Shangazi Shamsia alishuka peke yake.

"Shikamoo, shangazi. Kaka Mikidadi yuko wapi?"

"Leo siku ya gulio, mwanangu. Aache biashara Dumila aje kula pilau?" Alicheka. "Amekusalimu sana."

"Hakukupa kikasha? Cha bati?"

"Amenipa sukari kilo mbili. Hiyo hapa."

Baada ya misa, mkusanyiko ulihamia nyumbani kwa shangazi Agnes. Televisheni ya baba iliwekwa juu ya meza barazani, gemu kando yake, betri ya Abdulatif chini kwenye kipande cha gunia. Watu walijaa uani mpaka kwenye migomba. Eustace alikuwa amevaa lile koti. Mwaka mmoja ulikuwa umemjaza mabega, lakini mikono ya koti ilikuwa bado mirefu. Aliunga televisheni kwanza, nayo ikawaka na kutoa chengachenga, na watu wakashangilia. Kisha akatoa mfukoni waya aliokuwa ameuandaa: nyaya mbili, na mwishoni plagi ndogo ya duara. Niliitambua. Ilikuwa imekatwa kwenye redio.

Nilipita katikati ya watu hadi miguuni pa meza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Lucy." Alifurahi kuniona. Najua alifurahi, kwa sababu alisahau kwa nukta moja na kutabasamu kama zamani. "Karibu, ukae hapa mbele. Vifaru, eh? Leo hunipigi."

"Baba, usilichomekee hilo. Ni plagi ya redio."

"Inaingia. Nimeijaribu, imekaa vizuri."

"Inaingia, lakini gemu limegeuzwa. Katikati ni hasi. Zipindue nyaya kwenye betri. Hii nyekundu iweke huku, basi, hutahitaji kitu kingine."

Niliyasema kwa sauti ndogo, lakini baraza lilikuwa limenyamaza kusubiri. Mzee mmoja alicheka kwanza, kisha wengine wakafuata.

"Makubwa! Mtoto wa Andrea anamfundisha Andrea umeme!"

"Si alimzaa juzi tu huyu?"

"Mwache mwenzio afanye kazi yake, binti. Huyo betri amezianza kabla yako."

Hawakuwa wakali. Walifurahi, kama watu wanavyofurahia mtoto anayevaa viatu vya mkubwa. Mjomba Stefano alikuwa amekaa miongoni mwa wageni. Nilimtazama, naye akatazama sakafu. Eustace alishika waya, akaniangalia, akaangalia nyaya. Niliona anafikiri. Alikuwa amefundishwa na baba yuleyule, mezani pale pale, na nilijua kwamba sentensi ile ya baba ilikuwa mahali fulani kichwani mwake, kama ambavyo ilikuwa kwangu. Mkono wake ulisogea kwenye kibanio chekundu.

"Andrea," shangazi Agnes aliita kutoka mlangoni, kwa upole, "kuna tatizo, baba?"

Kama angezipindua nyaya, angezipindua kwa neno langu, mbele ya ukoo wote, akiwa na koti lile mwilini. Mkono ulirudi.

"Hakuna tatizo," alisema.

Akachomeka, akabonyeza kitufe. Hakukuwa na noti tatu. Kioo cha televisheni kiliendelea na chengachenga zake. Ilisikika sauti ndogo, kama punje moja ya mahindi inayopasuka kikaangoni, kisha harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi mwembamba kutoka kwenye tundu la kaseti. Nilinyoosha mkono nikachomoa waya. Hakuna aliyenizuia, lakini hapakuwa tena na kitu cha kuokoa.

Mzee wa ukoo, yuleyule aliyegawa mali, ndiye aliyetangulia kusema.

"Amekuja kuchukua chake," alisema.

Pakatokea mnong'ono wa kukubali, na wanawake kadhaa wakafanya ishara ya msalaba. Iliwatosha. Marehemu alikuwa amepita siku ya misa yake akachukua kitu alichokipenda, na aliyebeba jina hakuwa na kosa lolote. Maelezo yangu yalikuwa sahihi na hayakuwa na kazi. Shangazi aliifunika mashine kwa kitenge kama anavyofunikwa mtoto aliyelala, akaenda kuiweka kwenye sanduku la nguo. Chakula kikaanza kutolewa.

Eustace alinifuata nyuma ya nyumba, penye pipa la maji.

"Lucy." Aliangalia nyuma yake. "Linatengenezeka?"

"Siwezi kujua mpaka lifunguliwe. Huenda ni kipande kimoja. Huenda ni vyote."

"Lichukue. Lipeleke mjini. Kuna wale mafundi waliokuwa wanakaa na mjomba." Akajisahihisha. "Wa pale sokoni."

"Shangazi atakubali?"

"Nitamwambia."

Alimwambia. Nilisikia kila neno kupitia ukuta wa fito.

"Liende wapi? Kwa watu wa Mgeta? Kitu cha jina hakitoki ukooni, unajua."

"Litatengenezwa tu, mama, halafu lirudi."

"Litengenezwe na nani? Nieleze mimi, Andrea. Fundi gani anapeleka kitu chake kwa fundi?"

Eustace alitoka akasimama barazani, koti begani, akikwepa kunitazama. Lori lilikuwa limeanza kupiga honi pale misheni, na mama alikuwa ananiita tufunge mizigo.

Babu mmoja alikuwa amesubiri zamu yake kwa adabu karibu na meza. Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Andrea, mwanangu. Pole kwa lile. Lakini na hii ya kwangu uitazame, haisemi tangu Krismasi."

Eustace aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua ule mpira, akaigeuza redio juu chini, akaanza kutafuta mahali pa kuifungulia. Skrubu za redio za namna ile ziko ndani, chini ya kifuniko cha betri. Yeye alizitafuta pembeni, kwa ukucha, huku yule babu akimwangalia kwa imani, na mimi nikapanda lori.